Nyumba ya Mamake Zaituni

Jecha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachagua dengu kwenye sinia, majani yalipoanza kuota kwenye korido. Yaliota kwanza kando ya ukuta, halafu katikati, yakapita magoti, yakawa yanalala na kuinuka kama yanapigwa na upepo, ingawa madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Jecha alitoa kijiwe kwenye dengu, akakitupa majanini, akaendelea na kazi yake.

Nyumba ilikuwa Morningside, mtaa wa wenye pesa mjini Durban, lakini jina lisikudanganye. Mbele kulikuwa na geti na maua ya mwenyewe. Wao walikuwa nyuma, kwenye vyumba walimokuwa wakilazwa watumishi enzi za ubaguzi. Coletha, mama wa Kibukoba anayeuza vitenge kule Isipingo karibu na stendi ya teksi, alikodi sehemu yote ya nyuma na kuipangisha chumba kimoja kimoja. Siku hiyo alirudi na robota lake kichwani, akasimama mlangoni, akayaangalia majani.

"Ni huyu huyu Mkongo?"

"Marcelline anasoma," Jecha akasema.

"Anasoma nini tena? Juzi mto umechukua ndala zangu. Ndala mpya, Mzee Jecha! Leo pori. Kesho atatuletea nyati humu ndani."

"Nyati iko kwa shapita ingine, sura ya mbele, Mama Coletha," sauti ikajibu kutoka chumba cha mwisho. "Ile sitaisoma ndani ya nyumba. Pole sana kwa ndala."

Coletha akapita katikati ya majani akiinua kitenge, akatukana kidogo kwa Kihaya, akafunga mlango wake.

Marcelline alikuwa msichana wa Bukavu. Asubuhi alisuka nywele kwenye saluni mjini, mchana alikuwa chuo kikuu. Huko chuoni walimpa kazi ya kuandika juu ya riwaya za Wamarekani, na namna mahali ndani ya riwaya hizo pasivyokuwa mahali tu. Uwanda wa majani una maana yake. Mto mkubwa wa matope una maana yake. Kinamasi cha kusini, jangwa la magharibi, kila pembe ya nchi ile wenye vitabu wameipa fikra ya kubeba, kama punda. Kiingereza chake alikielewa zaidi kwa sikio kuliko kwa jicho, kwa hiyo alisoma kwa sauti, na akisoma kwa sauti mahali panakuja. Maktaba haikupata matatizo hayo kwa sababu kule watu wanasoma kimya. Hapa majani yalinyauka kesho yake na Coletha akayafagia. Mto ulishuka wenyewe kwenye tundu la bafu, ukaacha tope na kambare mmoja, ambaye walimkaanga.

Jua likiwa bado halijaiacha bandari, Zaituni akafika kama kawaida.

"Hodi."

"Karibu," Jecha akajibu, kama kawaida.

Zaituni hakuingia. Alisimama kizingitini amevaa kanga aliyoipenda, ile ya rangi ya dafu, majani ya Amerika yakimgusa magoti. Alikuwa mke wa Jecha, na alikuwa amefariki mwaka wa juzi.

"Marcelline hajambo?" akauliza.

"Sijambo, Mama Zaituni," Marcelline akaitikia, akatoka na kitabu chake. "Bado miguu inauma?"

"Inauma, mwanangu. Nitafanyaje."

Jambo lenyewe ni hili. Zaituni alifia kwenye foleni ya hospitali, akiwa amesimama. Mabenchi yote yalikuwa yamebebwa asubuhi kupelekwa kwenye uwanja ambapo mkubwa mmoja alikuwa anakuja kuwahutubia wananchi juu ya afya yao. Hotuba ilichelewa, mabenchi yakachelewa, Zaituni akaegemea ukuta, akaomba maji, akafa kabla hayajafika. Jecha alikuwa amemshika mkono. Tangu hapo anakuja kila jioni, na tangu hapo hajakaa chini.

Jecha alikwishamtandikia mkeka. Aliazima kiti cha kuegemea kwa Coletha, akaweka na mto. Zaituni aliviangalia kwa huruma.

"Karibu yako haina nguvu, Jecha. Wewe ni mpangaji. Mama alitufundisha mtu hakai mpaka akaribishwe na mwenye nyumba."

"Mbona ulipokuwa hai ulikaa popote?"

"Aliye hai hana ujanja, ana haraka zake. Sasa mimi wa kuniharakisha nani?"

Mama yake alimfundisha hivyo kule Bluff, ng'ambo ya bandari, walikoishi watu ambao Durban iliwaita Wazanzibari, hata wale ambao babu zao ni Wamakua waliotekwa utumwani bara, wakaachiliwa huru hapo. Zaituni alizaliwa hapo. Alikuwa bado mtoto malori yalipokuja kuwahamishia Chatsworth, kwa sababu wakubwa wa wakati ule walikuwa na ramani, na ramani ilisema Bluff ni ya weupe. Jecha mwenyewe alikuwa mchochea moto wa meli, mtu wa Unguja, aliyeshuka Durban akaiacha meli iende zake. Wale watu walimpokea kwa ajili ya lugha yake, wakamwoza binti yao. Zaituni alizikwa Chatsworth. Huko nako, alisema, amelazwa na watu wasio wenyeji wa pale, nao walishushwa na lori kama yeye, hakuna hata mmoja wa kumwambia karibu.

Zamani wakubwa walikuwa na malori. Hawa wa sasa wana kesho. Jecha alikwishapeleka madai ofisi ya ardhi, maana serikali mpya ilisema walioporwa waje waseme, na kila alipokwenda aliambiwa aje kesho. Mara ya mwisho alipokewa na bwana mwenyewe, kijana mnene mwenye tai nzuri, mtoto wa watu walionyang'anywa pia. Hilo ndilo lililomuuma Jecha.

"Mzee, ardhi ile hairudishiki," yule bwana alimwambia kwa Kizulu cha upole. "Iko kwenye mpango."

"Mpango gani? Nimepita juzi. Kuna waya na nyasi."

"Mpango unaandaliwa. Lakini msife moyo. Tutawapa fidia ya ishara."

Jecha alirudi na neno hilo kichwani kama mtu aliyepewa ufunguo bila kuonyeshwa mlango. Na sasa, jioni ya majani, akalisikia tena. Marcelline alikuwa amekaa juu ya tofali, anamsimulia Zaituni kitabu kile.

"Hii majani yote, Mama, ni ishara. Mtu anasimama katikati, anajiona mudogo, anajiona yeye peke yake na Mungu. Njo vile profesa anataka niandike. Uwanda ni uhuru na ni woga, pamoja."

"Hebu ngoja," Jecha akasema. "Ishara ni nini?"

"Ni kitu yenye iko pahali ya kitu ingine, Papa Jecha."

"Yaani unapewa hiki badala ya kile."

"Ndiyo."

Jecha akasukuma sinia pembeni. "Na hapo kwenye majani hapakuwa na watu? Kabla ya huyo bwana kuja kusimama na Mungu wake?"

"Walikuwako. Waliwafukuza." Marcelline akafunga kitabu, akaacha kidole ndani. "Minaandika juu yao shapita nzima. Kama pahali ingali na watu yake, haiwezi kuwa ishara muzuri. Watu wanapiga makelele, wanapika, wanagombana. Lazima kwanza waondoke. Profesa anasema nipunguze hiyo shapita."

"Sasa nitafutie kitabu chenye Bluff," Jecha akasema. "Ukisome hapa, nyumba ya kwao ije."

Zaituni kule mlangoni alibadilisha mguu wa kuegemea.

Marcelline alitafuta. Alikuwa na moyo, na maktaba ya chuo ilikuwa kubwa. Alirudi na vitabu vya Wazungu ambamo Bluff ilikuwamo, akavisoma uani kwa tahadhari. Cha kwanza kilileta mnara wa taa. Cha pili kikaleta manowari ikipita mbali. Cha tatu kilikuwa na nyangumi waliokuwa wakichinjwa upande ule, na uani kukanuka hivi kwamba wapangaji walilala na vitambaa puani. Watu hawakuwamo hata mmoja. Kitabu kimoja kilisema mlima ule ni bega la Afrika lililogeuziwa bahari.

"Bega!" Zaituni akacheka. "Tulikuwa tunafua pale."

"Basi kiandike wewe," Jecha akamwambia Marcelline.

"Mimi? Papa Jecha, mi iko naandika kazi ya chuo, siandikake roman."

"Unasoma riwaya za watu kila siku. Utashindwaje kuandika moja?"

"Na itakuwa na maana gani? Bluff ni ishara ya nini?"

"Ya nini tena? Ni kwao."

Walianza wiki hiyohiyo, jioni kwa jioni, Zaituni akisema kutoka mlangoni, Marcelline akiandika, Jecha akikoroga chungu. Ukurasa wa kwanza ulipokamilika Marcelline alikwenda nao uani, akasimama kati ya kamba ya nguo na gereji, akasoma. Aliandika vizuri, kwa Kiswahili cha kitabu. Alisema Bluff ilikuwa chozi la watumwa walioachiwa huru, kilima ambapo bahari na nchi vilisameheana.

Ukaja ukungu. Ulikaa juu ya nguo za Coletha, ukazilowesha, ukaondoka.

"Nguo zangu zilikuwa zimekauka!" Coletha akapiga kelele dirishani. "Mwandikie vizuri huyo mama, au acha!"

Marcelline aliandika tena. Safari hii Bluff ikawa mlango kati ya jana na kesho. Ukungu ukaja mzito zaidi. Kila alipotia maana, uani palijaa ukungu, na ndani ya ukungu hapakuwa na kitu; Jecha aliingia na kupapasa, akatoka na mikono mitupu.

"Unakosea, mwanangu," Zaituni akasema taratibu. "Mimi nimekwambia mlango wa jikoni ulikuwa unakwama. Mbona hujaandika mlango wa jikoni?"

"Nilifikiri si kitu kubwa, Mama."

"Mama yangu aliupiga teke kila asubuhi. Andika hilo."

Marcelline akakata aliyoyaandika. Aliandika mlango unaokwama. Aliandika kuta za udongo na fito, bati lenye kutu upande wa baharini, mlimao uliozaa malimao madogo machungu, kinu kilichopasuka kikafungwa waya, pipa la maji ya mvua, mkeka wa chumba cha mbele wenye alama ya kuungua palipoanguka kaa la uvumba siku ya maulidi. Aliandika kelele za mama akimwita Zaituni aache kupanda mlimao. Hapo penye kelele kalamu ilikwenda kwa Kiswahili cha Zaituni mwenyewe, chenye maneno ya Kimakua na Kizulu humo humo, na Marcelline hakusahihisha hata moja.

Jumamosi, watu wakiwa wanafua, alisoma ukurasa huo.

Nyumba ilikuja bila kishindo. Ilikaa kati ya kamba ya nguo na gereji, imebana kidogo, mlimao ukaingiza tawi kwenye dirisha la Coletha. Ilikuwa ndogo kuliko Jecha alivyofikiri. Kuku mmoja alitoka uvunguni mwa pipa, akaangalia Morningside, akaanza kuchakura maua ya mwenyewe.

Zaituni alikuwa amefika kabla ya saa yake. Alivuka uwanja pole pole, akasimama mbele ya mlango wa jikoni.

"Hodi," akasema.

Wapangaji waliacha kufua. Jecha alifungua mdomo aseme karibu, akaufunga. Alikuwa amejifunza.

"Hodi," Zaituni akarudia. Akangoja. Halafu akasema, si kwa mtu, "Mama hayupo. Na mimi ndiye niliyebaki." Alifikiri kidogo, akaupiga mlango teke, ukafunguka, akaingia. Sauti yake ikatoka ndani: "Karibuni."

Jecha alivua viatu. Zaituni alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenyoosha miguu yote miwili, mkono wake juu ya ile alama ya kuungua. Alifumba macho kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Kaa basi, Jecha. Unaniangalia nini?"

Akakaa. Aliegemea ukuta wa udongo, bega lake karibu na la mkewe, na hawakusema kitu cha maana. Walizungumza juu ya dengu. Zaituni alisema Jecha siku hizi anazidisha chumvi. Jecha akasema ni umri. Waliendelea hivyo jioni nyingi, na Coletha, ambaye malimao yalikuwa yanamwangukia mezani bure, hakulalamika.

Lakini mji hauachi kitu kidogo kikae. Jirani wa upande wa pili aliona bati lenye kutu, akapiga simu, na wakaja watu wa manispaa kupima. Nyumba haikuwa na ramani iliyopitishwa. Walikuwa tayari kuandika ibomolewe, ila mmoja aliuliza imetoka wapi, na Jecha akamwambia ukweli, imetoka Bluff. Kesho yake alikuja yule bwana wa tai, pamoja na wapiga picha.

Bwana yule alifurahi sana. Alizunguka nyumba mara nyingi, akaugonga ukuta kwa kidole. Alipoingia chumba cha mbele alimwona Zaituni, akamsalimia kwa heshima, akairuka miguu yake.

"Mzee Jecha, hongera," akasema walipotoka. "Dai lako limekwisha. Umerudishiwa."

"Nimerudishiwa wapi? Sisi tulidai Bluff. Hapa ni Morningside, na mimi ni mpangaji."

"Nyumba iko hapa. Mtu hawezi kudai kitu ambacho kipo."

"Irudisheni basi mahali pake. Kule kuna waya na nyasi tu."

"Kule kuna mpango, mzee." Bwana yule akamshika bega. "Na nyumba kama hii si ya mtu mmoja. Ni ishara ya sisi sote. Watalii wakifika Morningside ni rahisi kuiona. Bluff ni mbali na hoteli."

"Mke wangu ndiye mwenye nyumba. Yumo ndani."

"Atabaki. Hatumtoi. Sisi si kama wale wa zamani."

Na kweli hawakumtoa. Serikali ilielewana na mwenye geti na maua, ikakata uwanja, ikaweka kibanda cha tiketi palipokuwa kamba ya nguo. Wapangaji waliambiwa watafute kwingine. Coletha alihamia Isipingo karibu na vitenge vyake, Jecha akapata chumba huko huko, kwenye yadi hiyo hiyo, naye Coletha hakumlaza nje hata kodi ilipochelewa. Kule Bluff walipigilia kibao kwenye waya, kinachosema watu fulani waliwahi kuishi hapa. Nyasi nyuma ya kibao zilirefuka. Siku ya kufungua nyumba mkubwa mwingine alihutubia, na mabenchi yaliletwa kwa wakati.

Marcelline alipata shahada yake. Profesa alimtaka aongeze shapita juu ya nyumba ile na kile inachoashiria. Aliongeza kurasa tatu, zote juu ya mlango unaokwama. Walimwambia hazina hoja. Sasa anasoma kimya kama wengine, na saluni wamempa kiti chake mwenyewe.

Mlinzi aliyewekwa mlangoni alikuwa Chacha, Mkurya mrefu anayempigia Jecha saluti kila jioni anaposhuka kwenye teksi.

"Shikamoo, mzee. Pita, wewe hatukukatii tiketi."

"Marahaba. Hodi," Jecha husema, kichwa kikielekea ndani.

"Karibu," Zaituni hujibu.

Ndani kuna kamba nyekundu kuzunguka mkeka, na kibao chenye lugha tatu: usiguse, usipige picha kwa mwanga, usikae. Zaituni yuko ndani ya kamba, amenyoosha miguu. Wageni wanasoma maelezo ukutani, wengine wanamsalimia, wengine wanadhani ni sehemu ya maelezo. Mlango wa jikoni umelainishwa na fundi wa serikali, haukwami tena. Kuku amehamishwa.

Jecha husimama nje ya kamba, viatu mkononi. Mara ya kwanza alikaa. Chacha alikuja akachutama karibu naye.

"Mzee wangu, nisamehe. Ukikaa wewe, wote watakaa. Mimi nimepewa hii amri, sikuitunga."

"Nani ameitunga?"

"Wakubwa. Tena wala hawaji hapa." Chacha akashusha sauti. "Nimewauliza kama naweza kukuletea kiti. Wamesema kesho."

Jecha aliinuka. Si Chacha wa kumlaumu.

Kwa hiyo jioni anasimama. Anamweleza Zaituni habari za Isipingo, nani amefungua duka, kitenge gani kinatoka, Coletha amemgombeza nani. Zaituni anacheka. Jua linapoingia kwa dirisha la upande wa bandari, Jecha huegemea mguu mmoja, halafu mwingine.

"Inauma?" Zaituni akamuuliza majuzi.

"Kidogo."

"Si ukae, Jecha. Mwenye nyumba amekwambia karibu."

"Najua," Jecha akasema, akaangalia kamba.

Zaituni aliiangalia na yeye. Halafu akavuta kanga yake, akasogea mpaka mwisho wa mkeka, akampanguzia vumbi mahali pa kukaa. Chacha alianza kupiga kengele ya kufunga, akipita chumba hadi chumba, polepole kuliko alivyoagizwa.